Wa Mwisho Kuingia Bandani

4 Februari

Dada,

Salamu utazikuta chini huko. Acha kwanza nitoe hili, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine, na nikitanguliza salamu litarudi tumboni: kuku wa shangazi wakimdonoa yule wa kijivu, mimi nafurahi.

Simpigi. Simfukuzi. Nasimama tu na ndoo ya maji nawatazama. Wanamfuata hadi kwenye kona, wanamnyofoa manyoya ya mgongoni, na yeye anaingiza kichwa kwenye waya kana kwamba akificha macho basi mwili nao hauonekani. Ningeweza kuwatawanya kwa fagio, na siku za kwanza nilikuwa nafanya hivyo. Sasa namaliza kwanza kutazama.

Nakuambia wewe kwa sababu ulikaa hapa kabla yangu na banda hilo ulilifagia. Ila ulipoondoka kuku walikuwa wanne tu, wa mayai ya nyumbani. Sasa ni tisa, na kila anayeongezwa shangazi anasema huyo ndiye wa mwisho. Mzee, mumewe, amebomoa meza ya zamani ya kukatia vitambaa, akatumia mbao zake kurefusha banda mpaka karibu na kamba ya nguo. Alisema mwaka ujao yeye ndiye atalala bandani na kuku watapewa kitanda. Shangazi akamjibu kwamba kuku angalau wanataga.

Kazini bado nakaa chini kwenye mkeka. Nachomoa pini, nafumua vishono walivyokosea wenzangu, nashona vifungo. Cherehani sijaigusa ila kuifuta vumbi. Kwenye mashine wapo wale wale, Mkasi na Twiga. Wananiita Bubu. Nikifungua mdomo, hata kuomba uzi tu, Mkasi anainua mkono, mashine zote zinasimama, wanageuka na kungoja. Sauti inanikwama. Wanacheka, halafu mashine zinaendelea. Juzi mteja alifuata sketi yake, wakanituma mimi nikamweleze kwa nini haijaisha. Nilisimama mbele yake mpaka akaniuliza kama naumwa.

Wewe nawe walikufanyia hivi. Nakumbuka ulivyokuja nyumbani mara moja, ukawa unakula umeupa mgongo mlango. Halafu yakaisha, ukapewa mashine, ukafuzu, ukaenda kiwandani. Dada, yaliishaje? Nataka kuijua kazi hii. Mikono yangu inaitaka. Lakini siwezi kuijifunza nikiwa chini ya kila mtu.

Salamu ndizo hizi sasa. Mimi mzima, shangazi mzima, kuku wazima isipokuwa mmoja.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma chooni, maana chumba tunacholala tuko wengi na kila mmoja ana macho ya jirani yake. Mimi sijambo. Kiwandani nashona mfuko wa kushoto. Wa kulia una mtu wake, na kola ina mtu wake, na sijawahi kuliona shati lililokamilika. Siku nikikutana na mtu amevaa sare yetu nitamtambua kwa mfuko tu.

Kuhusu kuku, usijitese. Kumfurahia kuku akidonolewa hakukufanyi mtu mbaya. Kuku hata jina hana.

Kuhusu hao wengine, sikiliza. Kula haraka. Usiache kitu chako kikae wazi. Usilie mbele yao, hata ukijichoma sindano. Wakicheka, cheka nao, ukiweza anza kabla yao. Na usimwandikie mama. Mama atamwandikia shangazi, na shangazi barua zake anazisoma kwa sauti katikati ya chumba cha kushonea huku akila.

Unauliza yaliishaje. Yaliisha tu. Kila kitu kina siku yake.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Nimecheka nao kama ulivyoniagiza. Haikusaidia.

Jumapili nilivaa lile gauni langu la kijani kwa haraka, nikakwama. Walikuwa wameishona mikono yake kwa ndani, mishono midogo kabisa ya mkono. Nikabaki na kichwa humo ndani, mikono juu, napapasa ukuta, na wao wako mlangoni. Nilisikia Twiga akimsifu mwenziwe kwa mshono usioonekana. Shangazi aliposikia kelele alikuja akanivua, akaligeuza gauni, akaupeleka mkono mmoja wa gauni dirishani kwenye mwanga. Nilidhani atawagombeza. Akauliza nani kashona hivi. Mkasi akasema ni yeye. Shangazi akamwambia, "Mshono kama huu unautia kwenye gauni la Bubu, gauni la mteja unalitia wa ng'ombe." Basi, hilo ndilo lililokuwa gombezo lake.

Sasa nikueleze jambo la kuku, kwa sababu limeninyima usingizi kuliko hilo la gauni.

Yule wa kijivu aliacha kutaga. Nilidhani atachinjwa. Shangazi akachukua kikapu, akanichukua na mimi wa kubeba, tukaenda sokoni. Muuzaji alimwambia asinunue kuku mmoja. Alisema mgeni haingizwi bandani peke yake, huingizwa wawili au watatu ili wagawane taabu. Shangazi akamwambia amekuja na kikapu kimoja, basi ananunua kuku mmoja. Tukarudi na mtetea mweupe, msafi, hajui hili wala lile.

Njiani alinieleza utaratibu wake, na alinieleza kwa upole, Dada, kama mtu anayemfundisha mtoto kukata kola. Anasema anayedonolewa hatagi. Ukimwingizia mgeni mmoja, wote wanamgeukia mgeni, na yule wa zamani anapumua, anaota manyoya, anataga. Wote waliomo bandani walianza hivyo. Nikamuuliza, na sauti ilitoka vizuri tu kwa kuwa tulikuwa wawili, mgeni mwenyewe atataga lini. Akasema akija mgeni wake.

Kwa hiyo ndiyo maana hawaishi kuongezeka! Siku zote bandani kuna mmoja asiyetaga, na siku zote dawa yake ni kuku mmoja zaidi. Nilimuuliza itaishia wapi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza cherehani inakula nini.

Na inafanya kazi. Mgongo wa kijivu umefunikwa na manyoya. Ametaga. Tena jana nilimwona, kati ya wote wanaomdonoa mweupe, yeye ndiye anayedonoa kwa bidii zaidi.

Dada, nataka unijibu hili na usilizunguke. Nilipoletwa hapa, mama aliniambia shangazi ndiye aliyeniomba. Shangazi anasema yeye alipokea tu barua ya mama ya kumwombea mwanawe nafasi. Sasa nani alianza?

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Nilimwandikia mama kwamba una vidole vyepesi na kwamba kwa shangazi pana nafasi. Yote mawili ni kweli, na vidole vyako nilivisifu kwa moyo. Lakini sikuandika kwa ajili ya vidole vyako. Wakati ule nilikuwa na kidonda nyuma ya mkono, cha pasi, ambacho wao walikiita bahati mbaya, na nilikuwa nimeanza kulala na viatu ili wasiviguse. Shangazi alikuwa amenieleza habari ya kuku kama alivyokueleza wewe. Anamweleza kila msichana. Sijui kama anajua anachosema, au anaongea habari ya kuku tu.

Siku uliyofika nilisimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Ulikuwa umebeba begi kwa mikono miwili. Mkasi akatazama viatu vyako, halafu akamtazama Twiga. Nikajua nimepona. Nakuambia ukweli kwa sababu umeuomba: nilisikia njaa siku hiyo, njaa nzuri, kama mtu aliyetoka homa.

Sikuombi msamaha kwa barua, ni rahisi mno.

Kuna jambo jingine. Kasuku amemaliza shule na haendelei. Mama ananiuliza mdogo wetu apelekwe wapi akajifunze kazi. Nimemwambia mimi nilishatoka huko, siwezi kujua hali ilivyo, kwa hiyo akuulize wewe.

Sikuelekezi kitu. Nimesema tu akuulize.

Dada yako


2 Mei

Kwako Dada yangu wa katikati,

Ni mimi Kasuku, nimekaa nyuma ya nyumba na mguu mmoja ndani ya beseni kwa sababu nimejikwaa, usijali, kidole kipo. Mama ameniambia nikuandikie mwenyewe kwa kuwa nina maneno mengi na yeye mkono unamchoka.

Habari ni hii. Baba anataka niende kwa yule mama mwenye tanuri la mikate kule barabarani. Amekubali kunichukua. Nitakuwa narudi kulala nyumbani, na nimeambiwa mikate inayopasuka tunagawana wafanyakazi. Nitanenepa mpaka mlango wa tanuri unikatae. Ni mama mzuri, anaimba vibaya sana lakini ni mzuri. Ila mimi nataka kuja huko uliko. Tangu uondoke kitanda kimekuwa kikubwa mpaka nalala kwa kukata kona. Mama anasema ukiandika "aje" nakuja, ukiandika "asije" nakwenda kwenye mikate, na hataki ugomvi na baba juu ya hilo. Neno lako ndilo litakaloamua.

Nimeshaanza kujifunza. Nilimshonea baba kifungo akiwa amevaa shati, nikashona shati pamoja na fulana yake. Hakujua mpaka jioni alipotaka kuoga.

Niambie huko kukoje. Kuna watu wa kucheka nao? Shangazi bado mkali? Nimesikia kuku wamekuwa wengi mpaka wanaingia kupimwa nguo. Barua zako kwa mama ni fupi kama risiti. Dada mkubwa naye akiulizwa anasema "uliza aliyeko." Basi nauliza aliyeko.

Wako,
Kasuku


12 Mei

Kasuku,

Njoo.

Watu wa kucheka nao wapo, wanacheka mchana kutwa. Shangazi ni yule yule, lakini anafundisha, na anayeshika kazi hapa anaishika kweli. Dada ni shahidi. Kuku sasa ni kumi na watatu na shangazi anasema nafasi haijawahi kukosekana. Utalala na mimi. Utazoea. Kila aliyeko hapa alianza kama utakavyoanza.

Mwambie baba kazi ya tanuri inaunguza mikono na macho.

Njoo na viatu vizuri. Kama vile vya shule vimechoka, mwombe mama akutafutie vingine. Hilo usilisahau.

Dada yako


6 Juni

Mdogo wangu,

Mama ameniandikia kwa furaha. Anasema Kasuku ameshaondoka na kwamba uliandika neno moja tu lakini lilikuwa zuri.

Nilitumaini utaandika aende kwenye mikate. Nilipomwambia mama akuulize wewe, hilo ndilo nililokuwa nalitumaini, na usicheke. Ungeandika hivyo ningejua kwamba kati yetu kuna mmoja aliyenishinda, na labda ningelala. Sasa tuko wawili.

Sikulaumu, sina mdomo wa kukulaumu. Ila nakuomba usiniandikie kuniuliza niliwezaje kuishi nalo. Nashona mfuko wa kushoto. Ndivyo nilivyoweza.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Ulisema nisikuandikie kukuuliza uliwezaje. Nakuandikia kwa sababu kuna barua ya Kasuku inayokuja kwako, na lazima hii ikufikie nayo kwa pamoja.

Nianzie siku aliyofika. Mama hakupata viatu vingine, alikuja na vile vya shule, kimoja kimefunguka mbele. Mkasi akavitazama. Akamtazama Twiga. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, na sitakuficha, moyo ulikuwa unanidunda kama wa mtu anayengoja jina lake lisomwe. Kasuku akafuata macho yao mpaka kwenye viatu, akasema, "Hiki cha kushoto kimeniuliza njia nzima kama tumefika. Nilikuwa nakijibu funga mdomo, kikawa hakisikii." Wakacheka. Lakini hawakumcheka yeye, Dada. Walicheka naye. Twiga aliinua vitambaa vyake kwenye benchi akampa nafasi.

Nikasema ni siku ya kwanza, watamgeukia kesho. Hawakumgeukia. Wiki ya pili alikuwa anamshikia Twiga kitambaa pembeni ya mashine. Anaongea mfululizo na hakuna aliyeinua mkono, mashine zinakwenda na yeye anakwenda. Shangazi alimwita chiriku wake, shangazi ambaye mimi hajawahi kuniita chochote zaidi ya "we binti." Na mimi nikabaki pale pale, natoa pini, ila sasa nafumua na vishono vya mdogo wangu.

Halafu wakamfundisha kuniiga. Mkasi alimwomba awaonyeshe ninavyoomba uzi. Akawaonyesha. Alifungua mdomo, akameza mate, akashika shingo, akafunga mdomo. Alipatia. Hata mimi nilijiona. Baadaye alinikumbatia kwa nyuma akasema ni utani tu, wala usiniudhi, na najua ulikuwa utani, hana ubaya ndani yake. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuleta mtu wa kukaa chini yangu. Nimeleta mwingine wa kukaa juu.

Katikati ya hayo kuku wamezidi. Mweupe alipoacha kutaga akaja mwekundu, mwekundu akaletewa wa madoa, sasa wako kila mahali. Banda limekula uwanja wote, nguo tunaanika barabarani. Mchana wanaingia chumba cha kushonea na kulala kwenye kivuli cha meza. Mteja mmoja alirudisha suruali kwa sababu alikuta unyoya mfukoni. Shangazi ameagiza kila kinachofagiwa sakafuni, vipande vyote vya vitambaa, kipelekwe kwenye viota, maana nyasi hazitoshi tena.

Siku ya Alhamisi ikapotea lesi ya gauni la harusi. Haikuwa ya kwetu, bibi harusi aliileta mwenyewe, alirithi kwa mama yake aliyefariki. Siku hiyo alikuwa amekuja kupima gauni, na shangazi akasimama katikati ya chumba akauliza iko wapi. Na macho yake, kama kawaida, yalianzia kwangu. Kitu kikipotea hapa huanzia kwangu, kikiungua huanzia kwangu. Kasuku alikuwa nje bombani anateka maji.

Nikafungua mdomo. Mkasi akainua mkono, mashine zikasimama. Wote wakangoja nikwame. Sikukwama. Nikasema, taratibu na kila neno likasikika, "Kasuku aliwahi kuchukua utepe wa mwalimu."

Unajua habari hiyo. Alikuwa na miaka saba, aliuchukua kumfungia mwanasesere wake nywele, akalia siku nzima, kesho yake akaurudisha mwenyewe mkononi mwa mwalimu. Alituambia sisi wawili tu, tukaapa. Sikusema kwamba aliurudisha. Niliishia hapo, na hakuna aliyeuliza.

Aliingia na ndoo kichwani anaimba. Mkasi akamtua ndoo kwa heshima, kama mgeni, akamwomba begi lake. Wakalimwaga juu ya meza ya kukatia, bibi harusi akiwa amesimama pale pale. Alikuwa na chanuo la mama, nguo zake, na mkate mkavu aliopewa na yule mama wa tanuri siku ya kuagana, ameufunga kwenye kitambaa, hajaula. Lesi haikuwemo. Ingekuwemo ingekuwa afadhali, angepigwa yakaisha. Kwa kuwa haikuwemo, Mkasi alisema mwizi anayeijua kazi yake haweki nyumbani. Kasuku alijaribu kuwachekesha. Alisema waangalie na ndani ya mkate. Twiga akauvunja mkate.

Tangu siku hiyo anaitwa Utepe. "Utepe, futi yangu iko wapi." "Utepe, simama mbali na vifungo." Wateja nao wanamwita hivyo wakidhani ni jina zuri la utani. Shangazi amemkataza kuingia chumbani, hashiki sindano, hashiki uzi. Kazi yake ni kuku. Chakula chake kinatolewa nje, anakula amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jana Twiga alimrushia ganda la yai dirishani kuona kama ataliokota. Aliliokota.

Asubuhi iliyofuata ile Alhamisi shangazi aliniambia, "We binti, kaa hapo." Ile mashine ya tatu, iliyo karibu na mlango. Nimeshona foronya na sketi mbili za shule. Nikikanyaga, Dada, mguu unajua. Mstari unakwenda sawa kama ulichorwa kabla sijazaliwa. Uzi ukiniishia Mkasi ananipitishia bila kuomba. Na ile njaa uliyoniandikia habari zake, njaa nzuri, nimeisikia. Nimekula mpaka shangazi akanitazama.

Sasa sikia lililobaki.

Kasuku haongei tena. Usiku anageukia ukutani. Mara moja tu aliniuliza nani alimwambia shangazi habari ya utepe. Nilikuwa napiga pasi foronya. Akahesabu mwenyewe kwa sauti: wanaojua ni wewe, mimi na yeye. Mimi nalala naye, nimemshika mkono, mimi ndiye niliyemwita aje, haiwezi kuwa mimi. Basi akasema ni Dada mkubwa, lazima alimwandikia shangazi. Akanitazama nithibitishe. Unanijua, mimi si mtu wa maneno. Niligeuza foronya upande wa pili nikaendelea kupiga pasi. Akachukua hilo kuwa ni ndiyo.

Na Jumamosi nilikwenda mwenyewe kuokota mayai, kwa kuwa Kasuku alikuwa anawamwagia punje upande wa pili. Kuna mtetea mmoja aliyeanza kuatamia. Nilimwinua niangalie ana mayai mangapi, na katikati ya vipande vya vitambaa nikaiona lesi. Ilifagiwa pamoja na takataka. Ni mimi niliyefagia Alhamisi. Ilikuwa na kinyesi pembeni kidogo, maji ya vuguvugu na sabuni yangetosha. Nilikuwa nimeishika mkononi. Kasuku alikuwa amenipa mgongo, hatua chache tu, anawatawanyia kuku punje, na hata wao hawasemeshi, yeye ambaye alikuwa anaisemesha mpaka milango. Ningemwita jina lake tu, lile la nyumbani, akageuka, akaiona, yangeisha.

Niliwaza mkeka. Niliwaza mkono wa Mkasi ukiinuka. Nikaikunja lesi nikairudisha chini ya mayai, nikamrudisha kuku juu yake. Shangazi alipopita akamwona amekaa, akasema aachwe atotoe, asiguswe na mtu. Bibi harusi ameshachukua gauni bila lesi, alilia kidogo, akaenda zake.

Kwa hiyo barua ya Kasuku ikifika itakuuliza kwa nini ulitoa siri yake. Mjibu kwamba ni wewe. Sema ulimwandikia shangazi bila kuwaza, sema pole. Atakusamehe, anasamehe haraka, ndivyo alivyo. Wewe uko mbali, humwoni akiokota maganda. Mimi nalala naye kitanda kimoja, na kwa sasa hapa hana mtu mwingine ila mimi. Akijua, hatakuwa na mtu kabisa. Unaona kwamba namfikiria na yeye.

Mama hajui kwa nini ulinileta mimi hapa. Nimekaa nalo, sijamwandikia hata mstari, na aliponiuliza kwa nini barua zangu fupi nilimwambia mkono unachoka. Nimekutunzia lako. Nitunzie langu.

Barua hizi mbili, ya Kasuku na yangu, anazipeleka posta yeye mwenyewe, maana kutumwa sasa ni kazi yake. Ameniuliza nimekuandikia nini kirefu hivyo. Nimemwambia salamu. Akasema nikuongezee na zake, ingawa amekukasirikia.

Ukishasoma, ichane. Usimwambie Kasuku, Dada. Usimwambie mama. Usimwambie mtu.

Mdogo wako